Sauti ya Mfungo Sita

Bibi Mwanaidi alitoka Kwaluguru na basi la asubuhi, na jua lilipoanza kuchoma alikuwa ameshafika Kilole, Korogwe, kwa mjukuu wake Yusra, fundi wa kompyuta. Alikuja kwa jambo moja tu: sauti ya marehemu mumewe, Mwinjuma.

Sura yake aliikumbuka vizuri, hata kovu la mkononi alilolipata akikata mkonge Mazinde enzi za ujana. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimponyoka. Siku moja akiwa peke yake jikoni alijaribu kumsikia akitega vitendawili, lakini masikioni ikaja sauti ya mtangazaji wa redio. Siku hiyo aliacha mboga ikaungua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu amesemaje?"

"Bado amenuna humo kwenye kompyuta, hataki kusema."

Yusra alikuwa amemrekodi babu yake miaka mingi nyuma, kwa programu ndogo ya Linux. Kompyuta ile ilikufa; faili zikapona, ila programu za leo hazikuweza kuzifungua. Akamweleza bibi kwamba watu wengi huchukua programu ikiwa imeshafungwa kifurushi, tayari kutumika. Kifurushi cha zamani hakipatikani tena. Msimbo wenyewe, yale maandishi ambayo programu hutengenezwa kwayo, bado umehifadhiwa, na kila badiliko lina tarehe yake. Tatizo ni kwamba alikuwa ameuchukua wa leo, akajenga kifurushi kwa mkono wake, kikakubali kujengeka, kisha kikazikataa sauti za babu. Akarudi nyuma hadi msimbo wa mwaka 2016, nao ukazikataa. Katikati yamebaki mabadiliko mamia, na yeye amesahau alirekodi lini, ajue achukue msimbo wa siku ipi.

"Sasa hilo ndilo la kukuumiza kichwa?" Bibi akavuta kigoda. "Ilikuwa Maulidi, Mfungo Sita."

"Maulidi huhama, bibi. Mwaka gani?"

"Mwaka sijui. Najua tulikuwa tunapanda mahindi ya vuli, na mama yako mdogo Munira alikuwa ndani na kichanga, arobaini haijatimia. Babu yako akawa anatega vitendawili mlangoni ili mzazi asichoke na upweke."

Kichanga hicho ni Muhsin. Yusra akampigia Munira simu, akasomewa cheti cha kuzaliwa: Oktoba 2018. Akatafuta Maulidi ya mwaka ule, akaipata Novemba. Basi akaurudisha msimbo hadi siku hizo, akaanza kujenga upya. Maandishi yakateremka kwenye kioo kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Mara mbili yakakwama, akatafuta kilichopungua, akaendelea. Bibi alimaliza chai, akamaliza na ya Yusra.

Kifurushi kikakamilika. Yusra akafungua faili ya kwanza. Kikasikika kikohozi.

"Kitendawili!"

Bibi akasogeza kigoda karibu. Kabla hajafumbua mdomo, sauti yake mwenyewe ya wakati ule ikamtangulia, ya mwanamke mwenye haraka zake: "Tega basi, watu tuna kazi."

"Mtumishi wangu hana adabu. Kwenda shamba ananitangulia, kurudi nyumbani ananitangulia."

Watoto waliokuwa naye mlangoni wakabahatisha: mbwa, jembe, njaa. Wakashindwa, wakampa mji. Mwinjuma akaenda Tanga, akala samaki wa kupaka, akarudi, akawaambia ni kivuli. Kelele zikazuka. Akawatuliza polepole, na ile "sasa" yake ya kuvuta: "Saaasa, shamba letu si liko machweo? Asubuhi jua mgongoni, jioni jua mgongoni. Kivuli kitakaa wapi?"

Hiyo "saaasa" Bibi Mwanaidi alikuwa ameisahau kabisa. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Yusra akauliza kama afungue ya pili.

"Ngoja kwanza," bibi akasema. "Rudisha hapo anapokohoa."