Siku Tatu za Kuondoka

Mkunga alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka ishirini na saba, na kazini walimsifu kwa jambo moja kubwa: subira. Mtoto hakimbizwi, aliwaambia wanafunzi wake. Wakati wake ukifika atakuja. Lakini ile Jumamosi asubuhi, akiwa ameketi nyuma ya usukani wa gari lake jipya lenye umri wa miaka arobaini na sita, subira yote ilikuwa imemwishia, hata ya kuazima hakuwa nayo.

Alikuwa amelinunua Alhamisi. Tangu alipokuwa msichana wa shule alilitamani gari la aina hii, lenye taa za mviringo na pua ndefu, lakini maisha yake yote alikuwa akinunua vya wengine: sare za watoto, mabati ya mama yake, kitanda cha wifi. Alipoliona tangazo, hakumwomba mtu ushauri. Watoto wake walicheka, wakasema mama kanunua babu mwenye magurudumu. Tatizo lilikuwa moja tu. Gari lilikuwa kilomita mia nane kutoka nyumbani, na Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa awe wodini kumpumzisha mwenzake, ambaye alikuwa amembebea zamu nne mfululizo.

Alisafiri kwa basi pamoja na shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye mtaa mzima walimwita Spana. Jina hilo hakupewa kwa ufundi wake. Alipewa kwa sababu kila alichokifungua, akikifunga hubaki na skrubu mbili mkononi asizojua zilikotoka. Ila leseni alikuwa nayo, na safari ndefu inataka madereva wawili, hivyo Mkunga alimeza la kumeza akaja naye.

Mwenye gari alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mgane aliyeishi peke yake katika nyumba yenye uwanja wa saruji uliofagiliwa mpaka ukachakaa. Gari lilikaa pale uwanjani chini ya kibanda cha bati, jeupe la krimu, linang'aa kama sahani ya wageni. Binti yake ndiye aliyeweka tangazo, maana macho ya mzee yalikuwa yameanza kufifia na mara mbili alikuwa ameigonga nguzo ya lango lake mwenyewe. Mzee alitia saini karatasi zote. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema gari bado halijawa tayari kwa safari.

Kwanza zilikuwa tairi. Hapo Mkunga alimwamini, kwa kuwa mipira ilikuwa na nyufa unazoweza kuingiza ukucha, na mpaka jua la Alhamisi linazama walikuwa wamezibadilisha zote nne na ile ya akiba. Ijumaa ukawa mkanda wa feni. Mzee alifuatana nao dukani, akaushika ule mkanda, akaunusa, akaupinda, akaurudisha. Wakaenda duka la pili, akaurudisha. Duka la tatu akakubali mkanda uliofanana kabisa na ule wa duka la kwanza. Baada ya mkanda, mipira ya rejeta. Baada ya mipira, plagi, ambazo alitaka zisuguliwe moja moja kwa brashi mbele ya macho yake, ingawa macho yenyewe yalikuwa hayaoni brashi. Kila kitu kilikuwa na hadithi yake: bonde hili alilivuka na mapipa ya rangi ndani ya buti, mlima ule aliupanda kwa gia ya pili huku mvua inamwagika na vyombo vya kupimia viko mapajani mwa msaidizi wake. Spana alisikiliza kwa furaha. Mkunga alitazama saa.

Jioni ile, mzee aliposema ingekuwa vyema wangojee mpaka Jumatatu ili breki zikaguliwe na fundi anayemjua, Mkunga alimjibu kwa adabu zote kwamba breki zimekaguliwa, kwamba wataondoka kesho alfajiri, na kwamba anamshukuru. Spana akatupia utani kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mzee hakucheka.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri wakatoka nyumba ya wageni walikolala, wakaja uwanjani kwa mzee, wakapakia mabegi, chupa za maji na galoni ya mafuta ya injini. Mkunga akazungusha ufunguo. Stata ililia vizuri, injini ikajizungusha, lakini haikushika. Akajaribu tena. Akajaribu mpaka betri ikaanza kuongea kwa sauti ya mgonjwa.

Hapo Spana akakunja mikono ya shati. Mkunga alijua anapaswa kumzuia, lakini mtu aliyeshikwa na maji hata jani hulishika. Shemeji akafungua kabureta, akaipuliza. Akafungua bomba la petroli, likammwagikia mpaka kiwikoni. Akatoa plagi zilizosuguliwa jana, akazirudisha, na Mkunga akawa anahesabu skrubu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Mwenzake wa wodini akapiga simu kuuliza wamefika wapi. Mkunga akamwambia wako njiani, akajichukia kwa uongo ule, kisha akatoka kwenda barabarani kutafuta fundi kabla hajamtamkia shemeji yake neno ambalo mdogo wake angekuja kulisikia.

Fundi aliyempata alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye redio ndogo mfukoni. Hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akabandua vibanio viwili vya kifuniko cha distribyuta, akachungulia, akamtazama Mkunga. Akaeleza kwamba ndani ya kile kifuniko hukaa kidude kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi, kinaitwa rota. Bila hicho gari litakesha likilia. Na hapa hakipo.

Spana aliapa kwamba yeye huko hakugusa, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane duniani alikuwa anasema kweli tupu. Mkunga akauliza kama kinaweza kudondoka chenyewe.

"Hicho hakidondoki, mama," fundi akasema taratibu. "Hicho hutolewa."

Wote watatu wakageuka. Mzee alikuwa ameketi barazani kwake kama alivyoketi tangu alfajiri, kikombe cha chai mbele yake hakijapungua hata kidogo. Damu ikampanda Mkunga mpaka masikioni. Siku tatu. Mkanda wa feni ulionuswa. Zile plagi. Alivuka uwanja kwa hatua za mtu anayekwenda kuvunja mlango.

"Baba," akasema, "naomba rota."

Mzee hakujifanya kiziwi. Alitia mkono mfukoni, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Ndani mlikuwa na kidude cheusi kisichozidi kidole gumba.

Mkunga alikuwa na maneno, na aliyasema. Alimweleza juu ya mwenzake anayelala kwenye kiti cha wodi. Alimweleza juu ya wanawake ambao uchungu wao haumngojei mwenye gari wala mwenye rota. Alimwambia kuwa mtu mzima hamchezei mwenzake hivi, kwamba angetaka kuvunja mauzo angesema, na karatasi zingechanwa Alhamisi ileile. Mzee alisikiliza yote ameinamisha kichwa, na Mkunga alipomaliza, aliendelea kuinama kana kwamba anangojea mengine.

"Jumatatu binti yangu anakuja kunihamishia kwake," hatimaye akasema. "Nyumba hii inafungwa. Nilitaka mimi nitangulie kutoka kabla ya gari. Nisingeweza kukaa siku mbili nikiitazama ile saruji tupu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba mzee mzima naogopa uwanja?"

Mkunga aliichukua rota kutoka kwenye leso. Hasira yake ilikuwa bado nzima, ila sasa haikuwa na pa kukaa. Alisimama pale ameshika rota mkononi, akasikia nyuma yake Spana anamwuliza fundi kama naye anaweza kufunga kile kifuniko, na fundi anamkatalia kwa upole.

Akamwuliza mzee kama nguo zake zimefungwa. Mzee akasema zimefungwa tangu Jumatano. Akamwuliza binti anakaa wapi. Mzee akataja upande wa mji ambao si wa njia yao hata kidogo. Ungewala saa nzima kwenda na kurudi.

"Basi lete begi," Mkunga akasema.

Fundi akairudisha rota mahali pake, na injini ikashika kwa mguso wa kwanza. Mzee alifunga mlango wa nyumba, akaujaribu mara tatu, akaja akaketi mbele, begi magotini, Spana akabanana na mizigo nyuma. Walipotoka langoni mzee aliangalia mbele tu. Kama Mkunga alitegemea shukrani, alijidanganya. Mtaa wa kwanza aliambiwa anakanyaga klachi kama anaua mende. Mtaa wa tatu aliambiwa gia hii haipigwi, inaombwa. Kwenye mzunguko gari lilizima katikati, magari ya nyuma yakapiga honi, na mzee akamweleza kwa utulivu makosa yake matatu kwa mpangilio. Mkunga akaliwasha upya, safari hii akaiomba gia.

Binti walimkuta anaanika shuka. Alibaki ameishika mikononi, inamtiririkia miguuni.

"Baba, si tulisema Jumatatu?"

"Tulisema," mzee akajibu, akamkabidhi begi. Akaweka kiganja juu ya paa la gari, akakiondoa, akaingia ndani ya nyumba asigeuke.

Binti akauliza kama kuna jambo limetokea. Mkunga alikuwa na nafasi ya kusema yote, na ulimi ulimuwasha. Akasema tu kwamba walikuwa wanapita. Binti alijua kabisa kwamba hakuna anayepita pale kuelekea kokote, lakini alishukuru, akawapa chupa ya chai, na kusimama barabarani mpaka walipokunja kona.

Ilikuwa saa nane mchana walipofika kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya barabara kuu. Spana akauliza kama shemeji amemsamehe yule mzee.

"Bado," Mkunga akasema. "Na wewe usiniongeleshe mpaka mji wa tatu."

Walilala njiani, wakafika nyumbani Jumapili alasiri, bomba la moshi limefungwa kwa waya. Jumatatu saa moja kasoro alikuwa wodini, mguu wa kushoto unamvuta kwa klachi. Mwenzake alivua aproni, akaenda zake bila hata kuuliza habari za safari, na katika kitanda cha nne kulikuwa na mama aliyekuwa anaita tangu usiku.