Kanivali ya Ndani ya Ua

Mwaka huu Kanivali tuliifanyia nyumbani kwa sababu ya surua. Ivone, binti wa mdogo wangu Quintino, vipele vilikuwa vimeshakauka lakini miguu bado haina nguvu, na muuguzi alisema mtoto asipelekwe kwenye msongamano wa watu. Haya, mwambie mtoto wa miaka sita akae ndani wakati ngoma zinapita barabarani! Jumamosi alilia kutwa. Jumapili akaamka akaanza tena pale alipoachia. Mama yake, wifi yangu Segunda, akasema basi, tutamfanyia Kanivali yake hapa hapa uani.

Nilicheka. "Wifi, Kanivali ya watu watatu na kuku mmoja?"

"Wanne. Umemsahau shangazi."

Kumsahau Shangazi Epifania ilikuwa rahisi. Ni dada wa marehemu baba yetu. Alizika waume wawili na hakubakiwa na mtoto hata mmoja, akaja kukaa chumba cha nyuma, hana meno, hana maneno. Hapa Bissau bibi wa namna hiyo watu wanamwamkia kwa adabu na kumtazama kwa jicho la pembeni. Ivone peke yake ndiye aliyempenda bila hesabu. Chakula chake hakikushuka mpaka alishwe kwa mkono wa shangazi.

Sasa niseme habari ya unga, maana sipendi msimulizi anayeficha kitu halafu akakirusha mwishoni kama mchawi wa sokoni. Quintino ndiye anayetengeneza vinyago vya mtaa wetu. Anafinyanga kichwa cha ng'ombe kwa udongo, anakipaka mafuta, anakifunika kwa karatasi za mifuko ya saruji zilizolowa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, kikikauka anauchokonoa udongo wote, kinabaki kinyago chepesi cha kuvaa kichwani. Lakini gundi ya unga ni chakula cha panya. Mwaka juzi walimla ng'ombe wetu taya zima usiku wa kuamkia gwaride, mtaa ukachekwa mpaka Pasaka. Kwa hiyo safari hii Quintino alinunua dawa ya panya sokoni, ile nyeupe isiyo na harufu, wanayokufungia kwenye kipande cha gazeti. Akaichanganya na unga mkavu, akautia kwenye kopo la maziwa. Na kwa kuwa kuna mtoto ndani ya nyumba, akaliweka kopo juu kabisa, kwenye boriti ya jikoni, asilifikie. Kumwambia mtu, hakumwambia. Alikuwa na haraka, alisema baadaye. Eti alidhani aliyeweka kitu juu ameshamaliza kazi!

Jumatatu asubuhi akaondoka kwenda kutafuta rangi. Kabla hajatoka alituona mimi na Ivone tumekaa na vipande vyetu vya karatasi, tumegeuza bakuli la mbao na kulibandika udongo, akapiga kelele, "Chungu changu cha gundi msikiguse!"

"Nani anataka gundi yako?" nikamjibu. "Bwana fundi na maringo yake! Sisi tuna uji wa muhogo."

Tukadhani ni majivuno ya ufundi. Ivone alitaka ng'ombe mwenye meno ya papa. Nikamwambia ng'ombe hana meno ya juu, akaniambia, "Huyu wangu anayo, shangazi, maana anakula watu wanaocheka wagonjwa." Nikamkatia meno. Mikono yake ilikuwa imejaa uji mpaka viwikoni, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona amechoka kwa kucheza.

Segunda alikuwa jikoni anakaanga panketi, vile vimaandazi vyetu vya Kanivali. Karai la kwanza watoto wa jirani walilimaliza hata mafuta hayajachujika, wakakimbilia barabarani. Ivone akaomba akoroge yeye unga uliobaki. Akakoroga, akamimina na maji kwa ukarimu wake, rojo likawa chepesi kama supu. Segunda akacheka, akasema mpishi gani huyu, akaangaza macho huku na huku kutafuta unga wa kulikazia. Duka la Mmoritania lilikuwa limefungwa. Akanyoosha mkono juu ya boriti, akashusha kopo la maziwa, akafungua, akaona unga. Unga ni unga. Akatia konzi mbili.

Yeye mwenyewe hakuonja, ana mimba na harufu ya mafuta inamchafua moyo. Mimi nilikuwa nakunja karatasi. Sahani akaichukua shangazi, akakaa na Ivone kwenye mkeka, akawa anamkatia vipande vidogo na kumtia mdomoni. Majirani wengi walipita wakaona. Kuna aliyesema kwa sauti, "Bibi, na wewe ule, usimlishe mwenzio tu!" Watu wakacheka.

Mchana Ivone akatapika. Tukasema mafuta. Akatapika tena, kisha mwili ukaanza kukakamaa, macho yakageuka. Tukambeba mpaka kwenye teksi, na dereva akalazimika kuzunguka kote maana barabara ilijaa wacheza ngoma. Hospitali muuguzi akauliza, "Amekula nini?"

"Panketi tu," Segunda akasema. "Nimezikaanga mwenyewe."

"Surua huwa inarudi hivyo," muuguzi akasema, akakimbia kutafuta dripu.

Mimi nikatumwa nyumbani kuchukua kitenge. Nikamkuta kuku amekufa karibu na jiko, makombo yamemganda mdomoni. Kopo la maziwa liko chini, wazi, nikaliokota. Nyuma ya choo nikamkuta shangazi ameinama, anafuta mdomo kwa upindo wa nguo.

"Domingas," akaniambia, "nilimung'unya kipande kimoja. Ni zile panketi."

Hapo ndipo Quintino aliingia na makopo yake ya rangi. Akaniona na lile kopo mkononi. Sijawahi kumwona mwanamume akiishiwa na uso namna ile. Akatupa rangi chini, akakimbia mbio mpaka hospitali akawaambie wauguzi ni sumu. Alipofika mlangoni Segunda alikuwa ameshakaa sakafuni, na mtoto ameshafunikwa.

Kopo nililitupa chooni. Kuku nikamfukia. Jioni ile ile Quintino akanivuta pembeni. "Dada, Segunda akijua, tutazika watatu."

Ningempiga kofi, lakini alisema kweli. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni, na Segunda alitoka kitandani akaenda zake mtoni, akatembea kwenye tope mpaka kiunoni, wapakuaji mizigo wakamvuta kwa kamba. Wakati ule hakuwa na kosa lolote. Je, akiambiwa kwamba safari hii konzi mbili zilikuwa zake? Nilijua, Quintino alijua, na shangazi alijua. Ikawa tumelibeba watatu.

Tulizika Jumanne, ngoma zinalia. Tumetoka makaburini, vijana wa mtaa wako mlangoni, wamejipaka rangi, wanakuna vichwa. "Kaka Quintino, pole sana. Ila... ng'ombe."

"Mchukueni," akasema.

"Mchukueni!" nikafoka. "Huna haya? Mwanao hajapoa kaburini!"

"Nikimwacha hapa ndani nitamchoma moto na nyumba yote, dada. Acha waende naye."

Wakaenda naye. Tulisikia shangwe zake mpaka jua linazama.

Segunda hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Hakula, hakunywa, alikaa mkekani akitazama viganja vyake, anavigeuza, anavirudisha. Kisha akasema, polepole, "Wifi, ule unga wa kopo la juu ulikuwa wa nani?"

Quintino ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Unga tu, Segunda. Unga wa nyumba."

"Kopo liko wapi?"

Quintino akatoka nje. Segunda akarudi kutazama viganja. Shangazi Epifania alikuwa kwenye kona, na yeye alikuwa anamtazama Segunda.

Jumatano ya Majivu wakaja ndugu zake Segunda, wametanguliwa na kaka yake mkubwa, N'dafa, mtu wa sauti nene, kwapani ana jogoo. Hakuamkia mtu.

"Surua ilishapona," akasema. "Mtoto amecheza asubuhi, jioni amekufa. Mnataka niamini nini? Nataka kujua nani kamlisha."

Jirani mmoja, Mungu amlipe kwa kadiri yake, akasema, "Bibi ndiye aliyekuwa anamlisha. Tulimwona wote."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" N'dafa akapiga mguu chini. "Kazika waume wawili, hana mtoto, na bado mnamkabidhi mtoto wa dada yangu! Twendeni mzimuni. Huyu jogoo atapasuliwa, na ndani yake tutaona kweupe au kweusi, asiye na hatia na mwenye hatia. Kila mtu wa nyumba hii ataulizwa. Kila mtu."

Aliposema kila mtu, Segunda aliinua kichwa. "Hata mimi," akasema. "Niulizwe mimi kwanza. Mimi ndiye niliyekaanga. Kuna unga ulikuwa juu ya..."

Quintino akafunika uso. Nami nikainuka. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, sijui hata nilitaka kusema nini, kwamba ni panya, kwamba ni Quintino, kwamba ni Mungu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mwacheni jogoo," shangazi akasema.

Hatukuwa tumezoea sauti yake. Alijiinua kwa kushika ukuta, akasimama katikati ya ua, mdogo, mwepesi.

"Mwacheni. Ni mimi. Nilimla mimi. Nilimtilia kitu changu kwenye vile vipande."

N'dafa alikuja na nguvu za kuvunja mlango, akaukuta wazi.

"Shangazi!" nikapiga kelele. "Funga mdomo! Una wazimu?"

Akanigeukia, na yule bibi ambaye hakuwahi kunipandishia sauti akasema, "Wewe Domingas, kaa chini. Wakubwa wanasema." Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini miguu yangu ilimtii.

Quintino alimtazama. Alikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha, na mimi nilikuwa namsubiri, nikimwomba moyoni alitoe na nikimwomba asilitoe. Akainamisha kichwa. Ni mdogo wangu, nimemlea, na siku hiyo nilimdharau, nikajidharau na mimi.

Segunda alisimama. Alivuka ua mzima bila kuyumba, akamshika shangazi kwa nguo ya kifuani, akampiga. Kofi la kwanza, la pili, la tatu. Hatimaye yakamtoka machozi yote, na kelele, na matusi ambayo sikujua anayajua. "Alikuwa anakupenda! Alikuwa hali bila wewe! Ulimlisha kwa mkono, mchawi we, ulimtazama akitafuna!" Shangazi hakuinua mkono wake kujikinga. Wanawake ndio waliomwondoa Segunda, na wanawake hao hao wakamtemea mate shangazi.

Nilimfuata chumbani anapofunga kifurushi chake. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Wewe mjinga, shangazi, nakwambia. Wewe mjinga. Utakwenda wapi?"

"Kuna mtoto tumboni," akasema.

"Nakuuliza utakwenda wapi!"

"Wakinifukuza mimi, Domingas, wanafukuza nini? Nipe ile fimbo."

Nikampa. Watu wengine watasema alikuwa mtakatifu. Sijui. Mimi niliona bibi kizee anatoka nje ya geti bila kuaga mtu, watoto wa jirani, wale wale waliokula karai la kwanza, wanamrushia mawe madogo na kuimba, na barabara bado imejaa karatasi za rangi za gwaride la jana. Nilitaka kuwapiga wote. Sikumpiga hata mmoja, kwa sababu ningemwambia nini mama yao?

Niliporudi ndani, ndugu wa Segunda walikuwa wanagawana maji ya kunywa kama watu waliomaliza kuvuna. N'dafa alimfungua jogoo miguu. Quintino hakuwepo. Alikuwa amekwenda kukaa nyuma ya choo.

Segunda alikuwa mkekani, nywele zimetimka, uso umevimba kwa kilio, lakini macho yamerudi mahali pake. Viganja vyake alikuwa ameviweka mapajani na hakuvitazama.

"Wifi," akasema, "kuna chakula?"

Nilikuwa nimepika wali na samaki wa mchuzi wa mawese, wa siku ya Majivu, kwa ajili ya wageni. Nikampakulia. Alikula kwa mikono miwili, haraka haraka, mafuta yanamchuruzika kidevuni, anatema miiba pembeni. Akafuta sahani kwa vidole mpaka ikang'aa, kisha akaninyooshea.

"Niongezee," akasema.

Nikamwongezea.