Dawa ya Wagiyem

"Utameza dawa ya maumivu, Mbah?" aliuliza Sista Tiurma, muuguzi wa wodi, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, vidonge vikiwa kiganjani.

"Usijisumbue, mwanangu. Sijambo."

"Haya." Sista akaenda zake na vidonge vyake.

Wagiyem alimsindikiza kwa macho. Kifua chake kilikuwa kimepasuliwa ili moyo utengenezwe, mfupa ukafungwa kwa waya, na kila pumzi ilimkata kama kisu. Lakini kwao, mji wa Solo, mwenye adabu hapokei kitu anapokaribishwa mara ya kwanza. Hukataa, hukataa tena, ya tatu ndiyo hupokea. Yeye mwenyewe, miaka yote aliyobeba mgongoni chupa za jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa, akiwauzia watu, hakuwahi kumwamini mteja aliyesema ametosheka. Tiurma naye alikuwa Mbatak, mtu wa kabila jingine, kutoka mji wa mbali wa Medan. Kwao hapana ni hapana.

"Mwambie basi," alinong'ona Karso, mumewe.

"Anione mroho wa dawa?"

"Heri mroho kuliko..."

Mchana daktari alimsikiliza mgongoni, akakunja uso. Makohozi yalikuwa yanajaa mapafuni kwa sababu hakohoi. Asipoyatoa kufikia jioni, angerudishiwa ule mpira wa kooni wa siku ya upasuaji na mashine ya kumpumulia.

Wagiyem alijaribu. Alikumbatia mto kifuani kama alivyofundishwa, akavuta pumzi. Maumivu yakamkaba, kikohozi kikafia njiani. Aliogopa kama mtoto. Kisha akapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyomfaa. Yaani afe kwa adabu?

"Sista!" Hata Karso alishtuka. "Inaniuma! Inaniuma sana, tangu jana. Nipe dawa."

Tiurma alikuja, mikono kiunoni. "Jamani, Mbah! Si nilikuuliza?"

"Uliuliza mara moja!"

"Ulitaka nikuimbie?"

Karso akaangua kicheko. Wagiyem naye kilimjia, akashika kifua. "Usinichekeshe, mtoto mtundu wewe. Lete."

Akameza. Wakangoja mpaka ukali ulipopungua. Haukuisha, ulipungua tu. Akaubana mto kwa mikono miwili, akakohoa. Kitu kizito kikabanduka ndani, kikatoka. Jasho lilimlowesha nywele.

"Pumzika kwanza," alisema Tiurma.

"Nani kakwambia nimechoka?" Wagiyem aliuvuta mto karibu zaidi. "Nishike mgongo. Tena."