Pale Penye Vinukta

Mmemsikia, au ni masikio yangu? Uwanjani, kasema uwanjani, bibi yangu mimi, aliyekuwa akipanda ngazi za baraza anasimama katikati kutafuta pumzi, eti "tutamkumbuka hasa uwanjani, filimbi shingoni, akiwahimiza vijana wetu kukimbia", na ukumbini hakuna kiti cha plastiki kilicholia, ni mlinzi wa geti tu kule nyuma aliyekohoa, na kikohozi kile nakijua, ni cha mtu anayemeza kicheko msibani, na mwalimu mkuu wala hajashtuka, kalamba kidole, kafunua ukurasa, anaendelea na sauti yake ya paredi... copy and paste, mwalimu mkuu, seriously, copy and paste mbele ya jeneza, hiyo ni hotuba ya kumuaga mwalimu wa michezo, umebadilisha jina juu ukasahau chini, halafu wewe ndiye utakayeniuliza kwenye intavyuu kama niko makini na kazi... "Inamisha uso," Mama ananinong'oneza, "unavyomtolea macho watu wanaona," na mjomba upande wa pili ananiegemea na pipi yake ya mnanaa mdomoni, "mpwa wangu, tulia, mwalimu mkuu kaniambia nafasi ya ofisini bado iko wazi, usije ukaiharibu na huo mdomo," nafasi, yaani kiti cha bibi cha ukatibu hapa shuleni, tangu nihitimu nazunguka na digrii kama mtu aliyebeba mwavuli kiangazi, "we will get back to you", hawajarudi hadi leo, na kazi imekuja kunikuta hapa, thanks a lot, basi ninachotakiwa ni kidogo tu, akishuka yeye napanda mimi, neno la shukrani kwa niaba ya wajukuu, nishike maiki, nitabasamu, nimshukuru mwalimu mkuu kwa maneno yake mazuri... maneno yake! "Ameacha pengo lisilozibika," anasema sasa, pengo, hilo pengo nililisikia nikiwa chini ya meza ya jikoni, bibi kavua miwani, anazijaribu sentensi kwa sauti, ananiinamia, "mjukuu wangu, lipi linauma zaidi, pengo au nafasi tupu?" nami nikamwambia pengo ni la meno, akacheka mpaka akalionyesha lake, maana kila aliyeondoka shuleni, kwa kustaafu au kwa kubebwa jenezani, aliagwa kwa maneno ya bibi katibu, mkubwa anasoma tu na kupigiwa makofi, na bibi alikuwa akiacha mstari mmoja, "tutamkumbuka hasa", kisha vinukta, vinukta hadi ukingoni mwa karatasi, ili mkubwa ajaze mwenyewe jambo moja analolijua juu ya mtu huyo, na mkubwa hajazi, huyu na waliomtangulia, karatasi inarudi na vinukta vyake vyote, basi bibi anainuka na magoti yake yale, anakwenda kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa mfagizi, "jamani, huyu mnamkumbuka kwa lipi?" anarudi anajaza, hata hiyo filimbi kaijaza yeye, ndiyo hotuba ya mwisho aliyoandika, alipostaafu yeye hawakusoma kitu, nani angeandika? Walimpa saa ya ukutani, na saa ile tuliisikiliza sote wawili, nyumba ya watu wasiohitajika ofisini, mmoja kaimaliza kazi, mwingine hajaianza, asubuhi anavaa, anachana nywele, viatu vyake vya ofisini miguuni, anakaa dirishani kana kwamba ataitwa, kengele ya shule ikisikika anasema, "leo wamechelewa," basi, siku nzima ndiyo hayo maneno yake, na kiti cha mgeni alikifuta vumbi kila siku, hakuja mtu, wewe mwalimu mkuu hukuja, geti lako linaonekana kutoka dirishani kwetu, ulikuwa ukipita na gari unapiga honi, anapunga mkono, vioo vyako viko juu... "anajisikiaje mjukuu?" mwanamke wa nyuma anamuuliza Mama, "amekonda, bado hajapata kazi?" Ndiyo, shangazi, bado, asante kwa kuuliza mbele za watu... vidole, hicho ndicho kitu, vidole vyake, ukimsimulia jambo vidole vyake vinacheza juu ya goti, anapiga chapa unachosema, hakujua mwenyewe, ukisimama navyo vinasimama, vinakungoja, sijawahi kusikilizwa na mtu namna ile, na mwishoni kitandani, sauti imekwisha, vidole vikawa vinaandika juu ya shuka, haraka haraka, nikaweka kiganja changu chini yake nisome, sikuweza, vikaandika, vikaandika, vikatua... na hapa nilipo vya kwangu vinafanya nini juu ya goti? Mama ameviona, amevifunika kwa mkono wake, "...nidhamu, uchapakazi, na moyo wa kujitolea," anasoma yule, bado anasoma, mjomba anatikisa kichwa kukubali, nafasi bado iko wazi, na iwe wazi, mjomba, nisamehe, sitakaa kwenye kile kiti nikawaandikie wengine huruma ya mtu huyu, nitapanda pale, maiki nitaishika, tabasamu sina, na nitasema hivi, taratibu, kwa heshima zote, mwalimu mkuu, usishuke kwanza, kunja hiyo karatasi, tutazame usoni, ujaze pale penye vinukta wewe mwenyewe, jambo moja tu la bibi yangu, na kama huna, mlinzi wako yule pale nyuma, nenda kamuulize, sisi tunasubiri.