Karata za Mzee Plazma

Fundi Daftari hakupewa jina hilo kwa kupenda kusoma. Alilipata kwa ajili ya wateja wakorofi. Kila televisheni iliyoingia chumbani mwake, kabla hajagusa skrubu hata moja, aliichora: mkwaruzo uko hapa, ufa uko pale. Ikishawaka aliichora tena, madoa na yote, mtu asije kesho akamwambia, "Hii umeiharibu wewe." Alichora kwa penseli, polepole, ncha ya ulimi ikiwa nje, na majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Jumanne asubuhi vijana wawili wa mkokoteni walimletea televisheni nzito kama mlango wa ghala. Nyuma yao alikuja mama mmoja mtu mzima, mkoba kwapani, akiwaelekeza kana kwamba wamebeba mgonjwa.

"Taratibu, wanangu. Hiyo ni plazma."

Fundi alitabasamu. Watu walishazoea kuita kila televisheni bapa plazma, hata zile ambazo plazma hazijawahi kuiona. Lakini hii ilikuwa plazma kweli, ya zamani zile kabla viwanda havijaacha kuzitengeneza. Aliijua kwa uzito wake na kwa matundu ya kutolea joto mgongoni.

"Umesema kweli, mama. Wengi hawajui tofauti."

"Nisijue mimi? Marehemu mume wangu alimsahihisha kila mtu. Mgeni akijisifu kwamba na yeye ana plazma, atakalishwa chini aelezwe: plazma ni vijumba vidogo vidogo vya gesi ndani ya kioo, kila kimoja kinajiwakia chenyewe, hizo zenu zina taa kwa nyuma. Chai inapoa, mgeni anaitikia tu. Mtaa mzima ukamwita Mzee Plazma."

"Kumbe ametutoka. Pole sana, mama."

"Nishapoa. Mwezi wa pili huu." Akaipapasa televisheni begani. "Juzi umeme ulikatika, uliporudi hii haikuwaka. Naomba uiwashe tu, baba. Mengine yaache kama yalivyo."

Fundi alilisikia hilo la kuwasha. Hilo la pili liliingia sikio hili likatokea lile.

Kazi yenyewe haikumsumbua. Kapasita tatu kwenye bodi ya umeme zilikuwa zimevimba, akazing'oa, akaweka mpya. Jumatano jioni kioo kikawaka, na ndani yake akaona kivuli: safu saba za karata zilizopangwa, hafifu lakini zinasomeka, namba na alama zake. Alikijua kivuli cha namna hiyo. Plazma ikikaa na picha moja siku nyingi, kioo huchoka pale pale, na picha huganda. Akachukua daftari, akachora safu zote saba, karata kwa karata, kama ilivyo desturi yake.

Halafu ufundi ukampanda kichwani. Atamrudishiaje mama wa watu televisheni yenye madoa? Dawa yake aliijua: kukijaza kioo weupe mtupu na kukiacha hivyo kutwa nzima. Alhamisi alasiri kioo kilikuwa safi kabisa. Akapiga simu, roho kwatu.

"Mama, imewaka. Tena nimekufutia na zile karata, bure kabisa."

"Umezifuta?"

"Zote."

"Nakuja."

Alifika, akaketi kwenye kigoda mbele ya kioo cheupe, akakipitishia kiganja taratibu, juu mpaka chini. Hakugomba. Fundi angependa agombe.

"Ugonjwa ulimchukua mzee mkono wa kulia na ulimi," alisema. "Binti yetu akamwunganishia kompyuta kwenye hii, awe anacheza karata kwa mkono wa kushoto. Ule mchezo wa mtu mmoja, wa kupanga karata kwa kushuka, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Lakini yeye hakucheza peke yake. Kila mchezo aliniachia karata moja. Anaiona, tena iko wazi, halafu anajifanya haioni. Anagonga kiti mara mbili, mimi naacha sufuria jikoni nakuja kumwonyesha. Nikimwonyesha anacheka, kwa upande ule mmoja wa mdomo."

Akakipapasa tena kile kioo cheupe.

"Siku ile aligonga. Nikamwambia, subiri kidogo, mikono ina mafuta. Nilipokuja alikuwa ameshaondoka. Ule mchezo sikuuzima mwezi mzima. Nikiweka taarifa ya habari, karata zinamtokea mtangazaji usoni. Lakini kuzitazama sawasawa, nijue aliniachia ipi, moyo ulikuwa haujakubali. Umeme ulipokatika kompyuta ikasahau. Nikajipa moyo kwamba kioo hakijasahau."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwonea huruma mama huyu, na alijichukia kwa wema ambao hakuna aliyemwomba. Ndipo jicho lake likaangukia daftari.

"Mama," alisema, "mimi nina mazoea ambayo watu hunicheka."

Akamfungulia ukurasa wa Jumatano. Kisha akatoka mbio hadi kwa kinyozi wa jirani, akaazima karata. Alisukuma skrubu na nyaya pembeni ya meza, akazipanga karata kwa kufuata mchoro wake: zilizofunikwa akazifunika, zilizofunuliwa akazifunua.

Mama alivaa miwani. Akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye safu ya sita akasimama, akarudi ya pili, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

Safu ya pili iliishia tisa ya kopa, nyekundu. Safu ya sita iliishia kumi ya shupaza, nyeusi, ikiisubiri. Mtu aliyecheza mchezo ule kila siku asingeweza kuikosa.

Fundi aliuchana ule ukurasa, yeye ambaye hakuwahi kuchana hata mmoja, akauweka juu ya mkoba wa mama. Mama hakuuona. Alikuwa ameiinua tisa ya kopa kwa vidole viwili, akaiweka taratibu juu ya ile kumi.

"Haya, mzee wangu," akasema. "Nimekuja."