Kiboksi cha Bei

Miaka ile ya soko huria kila duka Kariakoo lilitaka kuitwa kampuni, na kila kampuni ilitaka tovuti. Bosi wetu, mzee Indravadan, muuza khanga wa jumla mtaa wa Msimbazi, aliletewa yake na mwanawe Dhaval: jukwaa zima la kuendeshea tovuti, lililonunuliwa ng'ambo, lina viboksi tayari vya habari, vya kalenda, hata cha hali ya hewa. Hali ya hewa ya nini, jamani, kwa muuza khanga? Kiboksi cha bei ndicho hakikuwemo, na wa kukitengeneza nilikuwa mimi, Husna, mtu wa kompyuta pekee pale dukani.

"Andika bei moja tumalize," Dhaval akasema.

"Bei ya nani?" mzee akamaka. Kwake kila mteja ana bei yake, zote anazo kichwani, na kila mmoja keshaapiwa kwamba yake ndiyo ya chini kuliko zote. "Binti, mtu akiona bei ya mwenzake, nimekwisha. Nitabaki na nani?"

Basi nikajenga. Mteja anaingia kwa jina lake na neno la siri, kiboksi kinamwonyesha jina lake na bei yake tu. Lile jukwaa lilinitoa roho! Nikibadilisha rangi, maandishi yanapotea. Nikirudisha maandishi, ukurasa mzima unagoma. Nikiwapigia simu waliotuuzia, naambiwa nisome mwongozo. Niliusoma mpaka nikauchukia. Mwishowe kikakubali, nikakijaribu kwa jina langu, kikaenda safi.

Siku ya kufungua, wa kwanza kuingia alikuwa Pius wa Morogoro, king'ang'anizi anayeweza kushinda dukani kutwa nzima mpaka apewe bei anayoitaka. Kumbe jukwaa, eti ili liende haraka, linaweka nakala ya kiboksi cha mtu wa kwanza na kuwagawia wote wanaomfuata! Nani aliliomba haraka?

Kabla ya adhuhuri akaingia Abbasi wa Magomeni, rafiki wa mzee tangu ujana wao, uso umejaa furaha. Alikuwa ametoka intaneti kafe.

"Indu, Mungu akuzidishie. Umenipunguzia sana." Akaweka mezani karatasi aliyochapishiwa. "Ila jina mmekosea, mmeniandika Pius."

Mimi hapo nilikuwa nimeshachoka na kila kitu, nikaropoka: "Jina liko sawa, bei ndiyo si yako!"

Lo! Natamani ningeumeza ulimi. Mzee alinitazama, kisha akainamisha kichwa.

"Pius ananunua kwa bei hii?" Abbasi akauliza taratibu.

"Yule anapiga kelele, Abbasi. Wewe hujawahi hata siku moja kuniomba nipunguze."

"Sikuomba kwa sababu ni wewe."

Abbasi akavuta stuli, akakaa si ubavuni mwa mzee kama siku zote, bali upande wa pili wa meza, pale wanapokaa wateja wa kupita njia. Akashika khanga ya juu, akaigeuza pindo kana kwamba hajawahi kuiona.

"Haya, mwenye duka," akasema. "Hizi unauza bei gani?"