Mtu Mzima wa Pili

Afisa wa leseni hakuwa mtu mbaya. Alikagua ukumbi wetu bila haraka, akajaribu komeo la mlango wa choo, akainama chini ya meza za mpira wa meza kutafuta misumari iliyochomoza, akatingisha ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Kila kitu alikipitisha. Alipomaliza akaangaza macho huku na huku, akauliza mwenzangu yuko wapi.

Nikamwambia amehama.

Mwenzangu alikuwa dada yangu mkubwa. Klabu ile ya watoto ya mpira wa meza aliianzisha yeye, mimi nikawa mkia wake, kama nilivyokuwa mkia wake tangu utotoni. Yeye ndiye aliyepiga kelele, akawatania watoto na kuwabandika majina ya utani mpaka mama zao wakaanza kuyatumia nyumbani. Mimi nilifundisha namna ya kushika kibao na kuanzisha mpira, kwa sauti isiyovuka neti. Shemeji alipopata uhamisho wa kazi, dada alifunga mizigo, akanikumbatia kituoni, akaniambia nisiwe na wasiwasi, tutaongea kila siku. Mwanzoni kweli tuliongea kila siku.

Sharti la leseni liko wazi: watoto wakiwa ndani, watu wazima wawe wawili, ili mmoja akiugua au akitoka, watoto wasibaki wenyewe. Ni sharti zuri. Ningeulizwa mimi, ningeliandika hivyohivyo. Lakini leseni yetu ilikuwa imefika mwisho, na afisa akaandika kwamba isihuishwe. Alinieleza kwamba naweza kukata rufaa, niende mbele ya kamati na mtu mzima wa pili mwenye kitambulisho chake. La sivyo klabu ifungwe moja kwa moja na ukumbi wapewe wengine.

"Mtu mmoja tu, dada," alisema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Nilibandika tangazo mlangoni kwamba tumefunga kwa muda, nikakaa kwenye benchi nikiwapitisha watu moyoni. Nilianza na binamu yangu. Alicheka, akasema atakuja kama kuna chai, kisha simu zangu zikawa hazipokelewi. Rafiki niliyesoma naye chuo alikubali papo hapo, na baada ya siku chache akaniandikia kwamba mambo yamembana. Fundi cherehani wa mlango wa pili alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si wengi hulifanya nikiongea, halafu akauliza yeye akija kutazama watoto wa watu wakicheza, suruali za watu atazishona nani. Wote niliwashukuru sana. Mimi hushukuru haraka ili mazungumzo yaishe.

Nikampigia dada. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watoto na sufuria.

"Na wewe nawe," alisema. "Jina langu si bado limo kwenye faili lao? Waambie nimesafiri, nitarudi. Nani atapanda basi kuja kunitafuta huku?"

"Lakini hurudi."

Nikasikia akimwambia mtoto aache maji.

"Sirudi, mdogo wangu," alisema.

Nilikuwa nalijua hilo tangu kituoni, ila hatukuwa tumewahi kulitamka. Nikamshukuru pia.

Siku zile za kufungwa niliendelea kwenda ukumbini, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na la kufanya. Meza zetu hukunjika: ukisimamisha nusu moja inakuwa ukuta, na mtu anaweza kucheza peke yake. Mpira unarudi kila unapoupiga, na hakuna wa kumshinda. Nilicheza mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumamosi moja nikasikia vishindo nje. Nilipofungua nikawakuta mapacha wawili wa kike wa klabu yetu wakipigiana jiwe kwa viatu, na baba yao amelala kwenye ngazi, kofia imemfunika uso. Watu wote humwita Baba Mapacha. Ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, na kila Jumamosi alikuwa akitoka kazini, anawapitia watoto nyumbani, anawaleta, kisha analala palepale nje mpaka mchezo uishe. Tangazo langu walikuwa wamelisoma. Mapacha walimsumbua tu hadi akaamua kuja kujihakikishia.

Nikamwamsha, nikamwambia aingie ndani, jua lilikuwa kali. Akanyoosha kidole kwenye ubao uliokuwa juu ya mlango. Dada aliuandika zamani, baada ya baba mmoja kumgombeza mwanawe mbele ya wenzake kwa kukosa mpira: WAZAZI, MWISHO WENU NI HAPA. Baba Mapacha alikuwa ameutii ubao ule jua na mvua. Na mimi, katika watu wote niliowapitisha moyoni, sikumpitisha mzazi hata mmoja. Nilishazoea kuwaona migongo tu.

Nikamwomba. Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi aniambie nirudie, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Mimi?" akasema. "Mwalimu, mimi mchana ni maiti. Nitawakoromea watoto."

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kumshukuru. Akawatazama binti zake, akajikuna shingo, akauliza kikao ni lini, na kama kitambulisho chenye picha ya enzi alipokuwa na nywele kitakubalika.

Siku ya kamati alifika na sare yake ya kazi, macho mekundu. Wajumbe walikuwa watatu, na mwenyekiti wao mama mwenye miwani ya kamba. Wakamuuliza kama anaujua mchezo wa mpira wa meza. Akasema haujui. Amewahi kufundisha vijana? Hajawahi.

"Sasa baba, wewe utafanya nini pale?" mjumbe mmoja akauliza.

"Nitakuwepo," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza."

Wakacheka kidogo, na yeye akacheka nao. Lakini mwenyekiti hakuacha. Alitaka kujua mtu aliyekesha atakaaje macho mchana. Baba Mapacha akaeleza kwamba ameshaongea na mwenzake, wamebadilishana zamu, usiku wa Ijumaa hatakuwa kazini tena. Hakuwa ameniambia. Nilitazama meza.

Mwenyekiti akafungua faili letu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa kuna jina jingine. Ni ndugu yako?"

"Dada yangu."

"Nafasi ni moja. Anarudi huyu, au nimfute?"

Wote walikuwa wananisubiri. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Nilifikiria kwamba ningeweza kumwomba aliache kwa penseli, aliandike pembeni, ningeweza kusema sijui.

"Mfute," nikasema, na sikuhitaji kurudia.

Alitumia rula. Akaandika jina la Baba Mapacha juu yake, akagonga mhuri wa miezi sita, akasema tukienda vizuri tutapewa mwaka.

Nje, Baba Mapacha alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Akauliza Jumamosi tunaanza saa ngapi, nikamwambia, akaenda zake kulala. Nilitoa simu, nikaitazama, nikasema moyoni nitampigia dada jioni atakapokuwa ametulia.

Nikaenda ukumbini. Nilifungua madirisha, nikafagia, nikazikunjua meza zote na kukaza neti. Kisha nikabeba kiti kwa ajili ya Baba Mapacha, nikasimama nacho katikati. Dada alipenda kukaa karibu na mlango. Huyu sikujua angependa kukaa upande gani.